Maana ya "fungu refu" katika meli za nyangumi

Kijana aliyefika New Bedford, bandari ya Massachusetts, Marekani, miaka ya 1840 kutafuta kazi katika meli ya kuwinda nyangumi hakuahidiwa mshahara wa mwezi. Aliandikiwa fungu, yaani sehemu yake katika thamani ya mafuta yatakayoletwa bandarini. Mvuvi wa pwani yetu hatashangaa: chombo kina fungu lake, nyavu zina lake, mabaharia wanagawana linalobaki. Ila hapa mgao haukufanyika jioni ufukweni. Ulisubiri miaka mitatu, minne.

Fungu "fupi" lilikuwa kubwa, fungu "refu" dogo. Nahodha aliweza kupata sehemu moja ya 16. Mgeni wa bahari, sehemu moja ya 180 au hata ya 200. Namba ikikua, mkono unapungua. Mshamba asiyejua hesabu angeweza kusikia 200 akadhani amependelewa.

Chukua Charles W. Morgan, meli iliyoshushwa majini New Bedford mwaka 1841. Safari yake ya kwanza, kuzunguka ncha ya Amerika ya Kusini hadi Pasifiki, ilianza Septemba mwaka huohuo ikaisha Januari 1845, na shehena ilikuwa na thamani ya dola 56,000 hivi. Kwa hesabu ya juujuu, kabla ya gharama zozote, sehemu moja ya 16 ni dola 3,500. Sehemu moja ya 180 ni dola 311. Gawa kwa miezi 40: haifiki dola 8 kwa mwezi.

Na kazi yenyewe! Watu sita katika mashua wanamkaribia nyangumi mpaka mrusha chusa amfikie, kisha mnyama anawakokota. Akifa anavutwa hadi melini, shahamu inakatwa vipande na kuchemshwa sitahani katika masufuria makubwa ya chuma juu ya jiko la matofali, usiku na mchana, moshi na uvundo tele. Mafuta yanatiwa mapipani na kushushwa ngamani, tumboni mwa meli.

Ngama isipojaa, meli hairudi. Kwa maoni yangu fungu ndilo lililorefusha safari hizi: mwenye meli hakuwa na mishahara inayomla kila mwezi, hivyo nyangumi wakiadimika, mabaharia nao walibeba hasara ya kungoja. Wengi walitoroka kwenye visiwa vya njiani, na mtoro alipoteza fungu lake lote.

Aliyevumilia hadi mwisho alikuta daftari. Fedha alizotangulizwa kabla ya kuondoka, shati, viatu na tumbaku alizokopa kwenye sanduku la meli kwa bei ya kuumiza, vyote vilikatwa humo. Wapo walioshuka gatini wakiwa na deni.