Mtaa hauna fungu la barabara, jamani

Masika yakianza, salamu inabadilika. Hakuna tena "za asubuhi, Mtendaji", kuna "Mtendaji, hela ya barabara mmeipeleka wapi?" Juzi mimi, Mtendaji wa mtaa, nimeulizwa hivyo msibani, tena na mzee wa heshima aliyestaafu uhasibu serikalini. Nikasema basi, taarifa ya robo hii kwa wakazi itaanzia hapo hapo, na mengine yatafuata nafasi ikibaki.

Mtaa hauna fungu la barabara. Kwa hiyo hakuna aliyelila.

Nadhani tatizo linaanzia kijijini. Wengi tulioko Dar tumetoka mikoani, na huko halmashauri ya kijiji ni chombo chenye hadhi yake kisheria: inamiliki mali, inatunga sheria ndogo, inashitaki na inashitakiwa. Mtu anahamia mjini na picha hiyo kichwani, anaona bendera, mhuri na benchi la kusubiria, anadhani ni kitu kilekile. Sicho. Mtaa una mwenyekiti mliyemchagua wenyewe Novemba 27, 2024, una kamati yake, na una mimi, mwajiriwa wa halmashauri ya manispaa au jiji. Halmashauri ndiyo yenye bajeti. Sisi tunapeleka maombi, tunasimamia, tunaandika, tunatukanwa.

Sasa tuje kwenye barabara zenyewe, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ndani ya mtaa mmoja mnakanyaga barabara za aina tatu na mnaziita zote "barabara ya mtaa". Ile ya lami kubwa inayopita mabasi ya mikoani ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, kama zilivyo barabara kuu na za mikoa zote. Hiyo tuiache. Zile za ndani zilizo kwenye orodha rasmi, za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017. Kabla ya hapo zilikuwa chini ya halmashauri, na ukigombana na injinia ulijua anakaa chumba gani. Siku hizi meneja wa TARURA wa wilaya bosi wake ni Mtendaji Mkuu wa TARURA, siyo mkurugenzi wa halmashauri. Analeta taarifa kwenye vikao, madiwani wanamhoji, wengine kwa sauti ya juu kabisa, lakini si wao wanaomwajiri. Diwani mnayempigia simu usiku kwamba gari limekwama hana greda nyuma ya nyumba.

Fedha nazo zina njia yake. Zinatoka kwa sehemu kubwa kwenye Mfuko wa Barabara, yaani tozo mnayolipa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Mgawo unaojulikana ni asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za wilaya, yaani hizi za TARURA. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya TARURA. Kwa hiyo anayesema "tunalipa kodi ya barabara" hajakosea, anaidai tu kwa mtu ambaye haipiti mkononi mwake.

Vitabu vya utawala vinasifu ugatuaji, madaraka kwa wananchi. Halafu barabara, kitu ambacho mwananchi anakidai kuliko vyote, tukakitoa halmashauri tukakipa wakala. Kitaalamu naona faida: mainjinia wako pamoja na fedha hazihamishwi kujenga kitu kingine. Ila nikisimama mbele ya wakazi kuwaeleza kwa nini waliyemchagua hana amri juu ya shimo lililo mlangoni kwao, maelezo yangu mwenyewe hayaniridhishi. Sijapata jibu zuri.

Aina ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa: vichochoro. Mtaa wetu haukupimwa, nyumba zilitangulia na njia ikapita zilipobakiza nafasi. Njia hizo nyingi hazimo kwenye orodha ya TARURA, na barabara isiyo kwenye orodha haitengewi matengenezo. Hapo wakazi wanachangishana, wanaleta kifusi. Sikatazi, na siwezi kukataza mtu asitoke nyumbani kwake. Lakini nendeni mkaangalie ule uchochoro wa nyuma ya msikiti. Kila mwaka lori moja, mawili, na leo njia iko juu kuliko sakafu za nyumba. Mama mmoja pale amejenga tuta la saruji mlangoni hadi usawa wa goti. Wajukuu wanaliruka, yeye anashikwa mkono. Maji yaliyokuwa yanatuama njiani sasa yanatuama sebuleni kwa watu. Kabla hamjamwaga kifusi kingine, mje kwanza tuulizane maji yatakwenda wapi. Mfereji wa zege wa futi moja ungewasaidia kuliko malori yote hayo.

Na mifuniko ya chemba. Ikifungwa ya chuma, wiki mbili iko kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Sitasema zaidi, wahusika wanasoma.

Kitu ambacho kingewasaidia kweli hakuna anayekiuliza: tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vipaumbele vya mitaa vinakusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ikifika Februari rasimu za bajeti zimeshafika mbali. Ninyi mnakuja Aprili, matope yamefika magotini, mnadai barabara mwezi uleule ambao Bunge liko Dodoma linapitisha bajeti. Mkikubaliwa hapo hapo, hilo ni ombi la mwaka wa fedha unaofuata baada ya huo. Ukiacha dharura, kama kalavati kuchukuliwa na maji, Aprili ni mwezi wa kulia tu. Mkutano wa Novemba ulikuwa na viti vitupu na wazee walewale.

Na mkija, msiniandikishe kwenye muhtasari kwamba "barabara ni mbovu". Kila mtaa wa Dar umeandika hivyo. Semeni inaanzia wapi na kuishia wapi, kama mita ngapi, maji yanaingilia upande gani, nani anaitumia: shule, zahanati, gari la taka. Muhtasari wa namna hiyo, wenye orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, nikiupeleka kwenye kata unasomwa.

Mengine kwa haraka.

Kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Haiji mtaani. Mpangaji unayekatwa, mwenye deni kisheria ni mwenye nyumba, kwa hiyo mdaini yeye, na wekeni ujumbe wa kila manunuzi ya umeme mpige hesabu pamoja. Msije ofisini kupigana.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa 2023 ikarudi kwa utaratibu mpya. Haina riba, lakini inarudishwa. Narudia: inarudishwa. Kikundi kilichoundwa wiki hii kwa ajili ya mkopo nakijua kwa katiba yake, ina jina la kikundi kingine lililosahaulika kufutwa.

Barua ya utambulisho hailipiwi ofisini kwangu. Mjumbe wa shina ni kiongozi wa chama, anaweza kunithibitishia kwamba unakaa pale, lakini barua yake haifungui akaunti benki.

Taka: mkandarasi amechelewa zamu mbili na nimeshamwandikia. Anayetupa mfuko mtaroni usiku kwa sababu gari halikuja, huo mfuko ndio utakaoziba kalavati la mbele ya kwake.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni usafi, kama kawaida. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye mtaro mkubwa, kutoka darajani kuelekea sokoni, maduka yatafunguliwa saa nne. Makoleo ya ofisi hayatoshi. Mwenye la kwake aje nalo, aandike jina kwenye mpini, mwezi uliopita yalichanganyika na kesi ile bado sijaimaliza.