Jino likinyamaza halijapona: maswali na majibu kutoka kwenye taya za wakulima wa jangwani

Dokta, mifupa ya watu wa kale inahusianaje na meno yangu?
Inahusiana sana tu. Jangwani Arizona, kule Marekani, mpaka kama mwaka 1450 hivi waliishi Wahohokam, walichimba mifereji kutoka mito ya Salt na Gila wakalima mahindi, maharage na maboga. Makaburi yao mengi yalifukuliwa pale Pueblo Grande, Phoenix, barabara kuu ilipotaka kupita. (Siku hizi kuna sheria ya 1990, wajukuu zao Waoʼodham wanarudishiwa mabaki ya wazee wao.)

Mifupa ilionyesha nini?
Meno yaliyotoboka. Wanga wa mahindi unanata, bakteria wanaugeuza asidi, asidi inatoboa jino. Sukari ya dukani hawakuijua, kwahiyo usije kuniambia "mimi pipi sili" wakati unalala na ugali mdomoni. Mengine yana mistari ya kulala, hapo mtoto aliumwa sana au alikosa chakula, jino likasimama kukua. Ila mimi kinachonikera ni yale matundu kwenye mfupa wa taya, pale mzizi unapoishia. Ni usaha huo, ulikula mfupa ukatafuta pa kutokea.

Langu liliuma wiki mbili likaacha lenyewe, si limepona?
Halijapona. Narudia tena, HALIJAPONA. Mshipa wa ndani umekufa ndo maana husikii kitu, uozo unaendelea kwenda chini kimya kimya. Wale hawakuwa na pa kwenda, wewe kliniki unaipita kila siku ukienda sokoni!

Nikimeza rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki, je?
Hapana jamani. Mnanunua vidonge vinne mnameza viwili, uvimbe unapungua mnashangilia, chanzo bado kimo ndani ya jino. Linatibiwa mzizi au linang'olewa, basi.

Nisubiri mpaka lini?
Usisubiri. Likiuma njoo, likiacha kuuma bado njoo. Na shavu au chini ya kidevu kukivimba, una homa, mdomo haufunguki, kumeza shida, hiyo ni hospitali usiku huohuo, uvimbe ukishuka shingoni unaziba hewa na watu wanakufa.

Na la mwanangu la utoto limeoza, si litang'oka tu?
Litang'oka, ila usaha wake unakaa juu ya jino la ukubwani linalojitengeneza chini yake. Mlete.