Kozi za chuo kikuu hazitungwi na TCU

Kila mtaala mpya ukitangazwa, husikika maneno yale yale: "TCU wamebadilisha tena kozi." Imani hiyo ni ya siku nyingi, lakini inaipa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza mwaka 2005, kazi isiyo yake. Tume huweka viwango na kutoa ithibati, yaani kutambua rasmi, kwa programu za masomo. Kozi zenyewe huanzia idarani, kwa wahadhiri.

Pendekezo hutoka idarani likaenda kwenye kitivo au skuli, kisha kamati za seneti, chombo kikuu cha taaluma chuoni, ndipo seneti yenyewe. Programu mpya, au iliyofumuliwa sana, hupelekwa Tume baada ya hapo.

Mvutano mkubwa huwa kwenye krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, semina, mazoezi, hata kujisomea. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza ni krediti 120, yaani saa 1,200. Sasa mhadhiri akitaka kozi yake ipande kutoka krediti 8 hadi 12, ameomba saa 40 zaidi, na lazima zikatwe kwa mwingine. Hapo ndipo vikao hurefuka, maana hakuna anayekubali kirahisi kwamba kozi yake ndiyo ya kupunguzwa.

Waajiri na wahitimu nao huulizwa maoni kabla rasimu haijaandikwa. Mwanafunzi mwenye hoja basi aanzie kwa mkuu wa idara, au kwa wawakilishi wake ndani ya seneti.