Je, kampuni za Marekani hazitaki sheria yoyote ya akili mnemba?

Wengi huamini kwamba kampuni za Marekani hupinga kila sheria ya akili mnemba. Zipo zinazopinga kweli. Lakini lalamiko kubwa ni utitiri wa sheria: Colorado ilipitisha yake mwaka 2024, Illinois nayo mwaka huohuo ikagusa uajiri, na California ina zake kadhaa. Mwenye wafanyakazi katika majimbo hayo yote lazima afuate kila moja inapoanza kutumika, ndiyo maana kampuni nyingi huomba sheria moja ya shirikisho, yaani ya nchi nzima. (Ombi hilo nalo lina hesabu zake, sheria moja yaweza kuwa legevu kuliko ya jimbo.)

Ukitaka kuhakiki, soma muswada wenyewe kwenye tovuti ya bunge la jimbo, kisha maoni yaliyowasilishwa. Angalia kampuni inapinga kifungu kipi, na inapendekeza nini badala yake.