Je, wajua mtawa wa Kibudha anaweza kula sangara?

Huku Kanda ya Ziwa wengi tukisikia habari za Wabudha tunadhani ni watu wasiogusa nyama wala samaki. Mtawa akifika Mwanza, basi, atashindia michembe? La hasha. Sangara anakula, sato anakula, hata dagaa. Ila yapo masharti, na ukiyafuatilia utaelewa kwa nini dini hii haijifunzwi na mtu aliyejitenga peke yake.

Suala lenyewe ni la zamani. Devadatta, binamu yake Buddha, mwanzilishi wa dini hii, alimtaka awapige marufuku watawa wote kula nyama na samaki. Buddha akakataa. Alichoweka ni hiki: mtawa asile ikiwa ameona, amesikia au anashuku kwamba kiumbe huyo ameuawa kwa ajili yake. Zipo pia nyama kumi zilizokatazwa moja kwa moja, zikiwemo za tembo, simba, chui, nyoka na fisi. (Hiyo ya fisi haitampa shida mtu wa Usukumani.) Samaki hayumo. Haya ni mapokeo ya Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Sri Lanka, Thailand na Myanmar; watawa wa China kwa kawaida hawali nyama kabisa.

Sasa twende Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Muumini akinunua sangara aliyekwisha kufa, aliyevuliwa kwa ajili ya mteja yeyote atakayetokea, akampikia mtawa, hakuna neno. Lakini akimpigia mvuvi simu, "Kaka, kesho nitafutie sato mkubwa, nina mgeni mtawa," na mtawa akazipata habari hizo, chakula hicho hakigusi tena. Wala mtawa mwenyewe haruhusiwi kuagiza samaki, labda awe mgonjwa.

Si samaki tu. Mtawa hashiki pesa, hapiki, hachumi hata tunda, haweki chakula cha kesho. Hula kati ya alfajiri na adhuhuri, tena kile alichokabidhiwa mkononi. Mtu wa namna hiyo hawezi kujifungia pangoni akawasahau wenzake, kwa sababu njaa itamtoa. Watu wanaleta chakula, yeye anafundisha, na hapo jumuiya inazaliwa. Ng'ambo ya ziwa letu, karibu na Entebbe, kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa mzaliwa wa Uganda. Dar es Salaam lipo hekalu la Upanga, lenye asili ya Wasinhala, watu wa Sri Lanka, waliolianzisha mwaka 1920.

Mwanafunzi anayeanza hutamka kwa kinywa chake kanuni tano: kujiepusha na kuua, kuiba, zinaa, uongo na vilevi. Kisha huketi na wenzake, akiangalia pumzi inavyoingia na kutoka. Magoti yatauma, usingizi utakuja. Ukiwa nyumbani utainuka ukachungulie simu. Ukiwa katikati ya watu walionyamaza, aibu peke yake itakukalisha.

Penye mwiba ni kwa mvuvi. Kanuni ya kwanza inamgusa, na Buddha alitaja biashara tano zisizomfaa muumini: silaha, viumbe hai, nyama, vilevi na sumu. Kwa hiyo mtawa ale, mvuvi abebe mzigo? Wabudha hujibu kwamba uzito wa tendo uko kwenye kusudio, na mtawa hakukusudia yeyote afe. Binafsi naona jibu hilo linamtosha mlaji kuliko mvuvi. Hata hivyo mvuvi hafukuzwi. Kanuni kwa muumini wa kawaida ni zoezi analojipa. Ikivunjika huichukua upya, mbele ya wenzake walewale.

Hata kalenda inamsaidia. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hizo hazivuti kitu, kwa hiyo wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mwezi mpevu. Siku hiyo ya mwezi mpevu ndiyo Wabudha hukutana kwa uposatha: waumini huchukua kanuni nane badala ya tano, hawali tena baada ya adhuhuri, na hutafakari hadi usiku. Mvuvi wa dagaa anayetaka kuhudhuria hana haja ya kumwomba tajiri wake ruhusa.