Magofu ya Warumi: tunachokiona leo sicho walichokijenga

Anayetembelea Roma, Pompeii au El Jem huona mabaki: jengo lililoporwa mawe, sanamu iliyopoteza rangi, tundu la mtu ndani ya majivu yaliyoganda. Dhana nyingi potofu kuhusu kazi za Warumi huanzia hapo, pale mabaki yanapochukuliwa kuwa ndiyo sura ya awali.

Dhana: Sanamu za Kirumi zilikuwa nyeupe tupu

Zilipakwa rangi: midomo, nywele, macho, mapindo ya nguo. Sanamu ya Kaisari Augusto iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863, ambayo sasa iko kwenye makumbusho ya Vatikani, ilitoka ardhini ikiwa bado na mabaki ya nyekundu na buluu. Rangi hupotea kwa sababu kinachoishikiza kwenye marumaru huoza katika udongo wenye unyevu, na kilichosalia mara nyingi kilisuguliwa na wasafishaji wa karne zilizopita waliotaka jiwe ling'ae.

Hata hivyo ushahidi haukufutika wote. Buluu ya Kimisri, rangi waliyoitumia sana, ina tabia ya pekee: ikimulikwa kwa mwanga wa kawaida hutoa mionzi ya infraredi. Kamera inayosoma mionzi hiyo huonyesha chembe zake ziking'aa hata pale macho yetu yasipoona chochote. Ukiwa mbele ya sanamu, usihangaike na sehemu zilizojitokeza, maana hizo ndizo zilizosuguliwa zaidi. Chungulia ndani ya mikunjo ya nguo, nyuma ya masikio na kati ya vishungi vya nywele.

Dhana: Matundu kwenye kuta za Colosseum ni makovu ya vita

Matundu ya Colosseum, uwanja wa maonyesho wa Roma, ni kazi ya waporaji wa chuma. Mawe ya travertine (aina ya mawe ya chokaa) ya ukuta wa nje yalipangwa bila chokaa katikati, yakaunganishwa kwa vibanio vya chuma vinavyokadiriwa kufikia tani 300. Katika Zama za Kati chuma kilikuwa mali, basi watu wakatoboa pale jiwe linapokutana na jiwe wakavichomoa. Ukisogea karibu utaona kwamba matundu mengi yamefuata maungio. Vita isingechagua maungio.

Upande wa kusini, ukuta wa nje haupo kwa sababu tetemeko la mwaka 1349 liliangusha sehemu kubwa, na mawe yake yakaenda kujengea makanisa na majumba ya kifahari. Juu ya malango yaliyobaki bado zinasomeka namba za Kirumi. Kati ya malango 80, 76 yalikuwa na namba, ili mtazamaji ajue aingilie wapi.

Dhana: Mvua haiingii ndani ya Pantheon

Huelezwa kwamba hewa ya joto hupanda kwenye tundu la kuba la Pantheon, hekalu la kale la Roma, na kuyazuia maji. Mvua inaingia kama kawaida. Tundu lile lina upana wa karibu mita 9, na ndiyo maana sakafu imeinuka kidogo katikati na ina vitundu 22 vya kupitishia maji. Vitafute chini, usitazame juu tu.

Maandishi ya mbele nayo huwapotosha wengi, kwa kuwa yanasema aliyejenga ni Agripa, msaidizi wa Kaisari Augusto. Jengo la Agripa liliungua. Hili tulilonalo lilikamilika enzi za Kaisari Hadrian, karibu mwaka 125 BK. Mihuri iliyogongwa kwenye matofali yake ndiyo iliyofichua hilo.

Dhana: Zege la Warumi lilikuwa na nguvu kuliko la leo, na siri yake imepotea

Kwa kubeba mgandamizo, zege la kisasa kwa kawaida lina nguvu zaidi. Siri nayo haikupotea, kwani Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliandika vipimo: kwa majengo, sehemu 3 za mchanga wa kuchimbwa kwa 1 ya chokaa, kwa kazi za baharini, sehemu 2 za majivu ya volkano kwa 1 ya chokaa. Majivu hayo, yaani pozolana, huungana na chokaa na kuganda hata chini ya maji. Fundi wa Kenya anayefungua mfuko wa saruji ulioandikwa CEM IV/B-P anatumia kanuni hiyohiyo, ila sasa pozolana imechanganywa na saruji.

Warumi hawakumimina zege kama sisi. Walitandika udongo wa chokaa, wakapanga mawe kwa mkono, wakatandika tena, tabaka juu ya tabaka. Katika kuba la Pantheon, lenye upana wa mita 43.3, walibadilisha mawe kadiri walivyopanda: mazito chini, mepesi ya volkano karibu na tundu. Unene nao ulipungua, kutoka karibu mita 6 kwenye kitako hadi kama mita 1.2 juu.

Zege la Warumi limedumu kwa sababu halina nondo. Nondo ikipata kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani, na hilo ndilo linaloua majengo mengi ya leo, hasa ya pwani. Lakini bila nondo zege halivumilii kuvutwa, hivyo ilibidi wajenge matao, makuba na kuta nene mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliongeza jambo: vidonge vyeupe vya chokaa vilivyodhaniwa kuwa uzembe wa kuchanganya huyeyuka maji yanapopenya kwenye ufa, kisha huuziba.

Dhana: Mifereji yao ya maji ilikuwa safu za matao

Sehemu kubwa ilipita chini ya ardhi. Aqua Marcia, mmoja wa mifereji ya Roma, ilikuwa na urefu wa kilomita 91 hivi, na takriban 80 kati ya hizo zilikuwa mtaro uliofukiwa. Matao yalijengwa pale tu bonde lilipowalazimisha.

Dhana: Ukitaka kuona kazi za Warumi ni lazima uende Ulaya

Afrika Kaskazini imejaa. El Jem nchini Tunisia ina uwanja mkubwa wa karne ya 3, na Timgad nchini Algeria bado inaonyesha mitaa iliyonyooka ya mji ulioanzishwa na Kaisari Trajan mwaka 100 BK. Leptis Magna nchini Libya ndiko alikozaliwa Kaisari Septimius Severus.

Dhana: Watu wa Pompeii waliuawa na lava wakageuka mawe

Lava haikuhusika. Mwaka 79 BK volkano ya Vesuvius ilinyeshea mji mawe mepesi hadi karibu mita 3, mapaa yakaporomoka. Kisha mawimbi ya gesi moto na majivu yakawaua waliobaki. Majivu yaliganda kuzunguka miili, nyama ikaoza, likabaki tundu lenye mifupa. Mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli alianza kujaza matundu hayo plasta ya jasi. Ikiwa nyepesi mno haishikilii mifupa. Ikiwa nzito haifiki kwenye vidole na mikunjo ya nguo. Ikikauka, majivu yanabanduliwa. Unachokiona basi ni plasta yenye mifupa halisi ndani.

Umbo peke yake hudanganya pia. Mtu mzima mwenye bangili ya dhahabu, aliyekuwa na mtoto, aliitwa mama kwa miaka mingi. Uchunguzi wa DNA uliotolewa mwaka 2024 umeonyesha kuwa alikuwa mwanamume asiye na undugu na mtoto yule.

Wala Pompeii haijafukuliwa yote. Karibu theluthi moja ya hekta zake 66 ingali chini ya ardhi, na ni vyema. Ukuta ukishafukuliwa hupigwa na mvua, jua na mizizi. Novemba 2010 Schola Armaturarum, jengo linalohusishwa na wapiganaji, liliporomoka baada ya mvua, ilhali lilikuwa limesimama salama chini ya majivu kwa zaidi ya karne 18.