Je, wajua kwa nini ukuta wa zege ndani ya kompyuta huvunjika mapema ukigawanywa vipande vidogo zaidi?

Mhandisi anayetaka kujua jinsi ukuta wa zege lenye nondo utakavyostahimili tetemeko la ardhi huuchora kwenye kompyuta, huugawa vipande, hukipa kila kipande tabia za zege na nondo, kisha huusukuma huku na huku. Kwa muda mrefu niliamini kwamba vipande vikiwa vidogo zaidi, jibu huwa sahihi zaidi. Si imani ya kipuuzi: boriti ya chuma inayopinda kidogo tu hufuata kanuni hiyo kwa utiifu, kwani kila mgawanyo mpya hulisogeza jibu karibu na thamani moja. Hata ukuta wa zege huifuata, mradi zege halijaanza kupondeka. Likishaanza, kila ukigawa zaidi ukuta huonekana dhaifu zaidi, na jibu halitulii popote.

Chukua mnara wa madebe matupu yaliyopangwa moja juu ya jingine, uukandamize kutoka juu. Debe lililo dhaifu kidogo kuliko mengine hubonyea kwanza, na kwa kuwa sasa linabeba mzigo mdogo kuliko awali, mengine yote hupumzika huku lenyewe likiendelea kubonyea peke yake. Ujenge mnara wa kimo kilekile kwa vikopo vifupi, nako kitabonyea kikopo kimoja tu. Ikiwa tumeiambia kompyuta kwamba zege hupondeka likifupika kwa asilimia 0.5, kipande cha sentimita 40 hufupika milimita 2 kabla ya kushindwa, ilhali cha sentimita 5 hufupika robo milimita tu. Zege ni lilelile. Kilichobadilika ni uamuzi wa mchoraji.

Kupondeka mahali pamoja, hata hivyo, si uzushi wa kompyuta. Baada ya tetemeko la Chile la tarehe 27 Februari 2010, lenye ukubwa wa 8.8, kuta nyembamba za majengo kadhaa marefu zilikutwa zimesagika katika ukanda mfupi wa mlalo, hasa kwenye ghorofa za chini, huku sehemu ya juu ikiwa karibu nzima. Kosa la kompyuta ni kuuchagulia ukanda huo urefu kwa kufuata ukubwa wa kipande.

Dawa inayotumika ni kulazimisha nishati ya kuliponda zege, kwa kila sentimita ya mraba ya mkato wa ukuta, ibaki ileile hata kipande kiwe na urefu gani. Hivyo kipande kifupi hupewa zege linalolegea polepole, na kirefu hupewa linalolegea ghafla: tabia mbili za zege moja, hila inayochekesha kidogo lakini inayofanya kazi. Tahadhari ni kwamba kiasi cha nishati hiyo mara nyingi hutokana na mitungi midogo ya zege iliyokandamizwa mara moja hadi ikapasuka, wakati katika tetemeko nondo huvutwa kwanza, kisha hukandamizwa na kupinda kati ya ringi (vyuma vyembamba vinavyozizunguka) na kulisukuma nje zege linalozifunika.